Kodi Saba za Gari la Mwalimu Zubeda

Vijana wangu, siku ile mliponialika chuoni kwenu niseme machache, nilisema machache kweli. Nilisimama pale mbele na miwani yangu ya kamba, nikawaona mmekaa na mashine zenu za kupimia magari, vidole vinakimbia, nikasahau yote niliyoyapanga. Nikawaambia msome kwa bidii, kama mgeni rasmi, nikakaa. Binti mmoja wa safu ya mbele, mwenye ushungi wa kijani, akanyoosha mkono: "Bibi, gari likikupa kodi za mawasiliano nyingi kwa mpigo, wewe unaanzia wapi?" Nikamjibu harakaharaka, jibu la vitabuni, kwa sababu nilikuwa nimeanza kutokwa na jasho.

Njiani kurudi nyumbani swali lile likanisumbua. Lilikuwa swali zuri na mimi nilikuwa na jibu lake. Ila jibu lenyewe ni refu, lina watu ndani yake. Basi nimechukua daftari, nimekaa barazani kwangu hapa Majengo, namjibu yule binti sasa.

Jina langu Mwanahawa. Gereji walinizoea kwa jina la Fundi Mwana. Nilikuwa fundi rewaya, fundi wa umeme wa magari, mpaka macho yalipokataa kuona nyaya nyembamba. Nilipoanza, nyaya hazikuwa nyembamba. Gari lilikuwa na betri, dinamo, taa, honi, na waya mnene kama kidole cha mtoto. Mwalimu wangu, Fundi Hemedi, alikuwa na kifaa kimoja tu: balbu ndogo yenye nyaya mbili. Unagusa huku, unagusa kule. Ikiwaka, umeme upo, isipowaka, haupo. Kwa balbu ile nilifufua malori ya mkonge, magari ya watalii na gari la bwana harusi mmoja aliyekuwa amesimama juani na suti yake mpaka maua ya kifuani yakanyauka.

Halafu yakaja magari yenye kompyuta, na kwa balbu ileile nikaunguza moja. Nilichoma waya mwembamba nikitafuta umeme kama nilivyozoea, balbu ikavuta umeme kuliko waya ule unavyoweza kutoa, na kompyuta ya injini ikafa mikononi mwangu, kimya, bila hata moshi. Kwa hiyo tuanzie hapo: balbu ya kupimia isisogee kwenye nyaya nyembamba za kompyuta. Tumieni mita. Mimi nilijifunza kwa aibu, nyinyi jifunzeni kwa kusoma.

Nikanunua mashine ya kusoma makosa. Ya kwanza ilizungumza Kichina peke yake, nikawa nakariri alama kwa umbo: yenye paa ni injini, yenye miguu miwili ni breki. Baadaye nikapata ya Kiingereza, nikajiona nimefika. Mteja akija nachomeka, nasubiri, nasoma alama za makosa, ndizo tunazoziita kodi. Wateja walikuwa wakicheka neno hilo, wakiniuliza kama ni kodi ya nyumba.

Kodi za mawasiliano ndizo zinazoanza na herufi U, na kwa asiyezijua niseme kidogo. Gari la siku hizi lina kompyuta nyingi, ya injini, ya gia, ya breki, ya usukani. Zinaongea kupitia nyaya mbili zilizosokotwa pamoja kama msuko wa nywele. Moja ikiita isijibiwe, inaandika: nimepoteza mawasiliano na fulani. Tazameni vizuri neno hilo. Anayeandika ni yule aliyekosa jibu. Yule aliyetajwa huenda ni mzima kabisa, huenda naye anaita vilevile na hasikiki. Mkulima mmoja wa Makurunge aliniletea pikapu ambayo mashine iliapa kwamba kompyuta ya breki imekufa. Nilipofungua nikakuta panya amezaa watoto watano juu ya nyaya, amezitafuna akajitandikia. Yule mkulima akaniomba nisiwaue, akawachukua na kiota chao chote kwenye kofia yake, akaenda kuwaacha porini. Waya nikaunga, gari likaondoka.

Ungedhani baada ya panya wale ningekuwa nimeelewa. Sikuelewa. Ndipo akaja Mwalimu Zubeda.

Mwalimu Zubeda alinifundisha hesabu darasa la tatu. Alikuwa msichana wa miaka ishirini wakati huo, mwembamba, ana kalamu nyekundu nyuma ya sikio. Ukimpa jibu alikuwa hakuambii umepata wala umekosa. Anakutazama, anakuuliza: "Unajua, au unabahatisha?" Ukisema unajua, unakwenda ubaoni kuonyesha. Ukisema unabahatisha, anakwambia anza upya, bila kukupiga. Darasani kwake watoto tulijifunza kusema "nabahatisha" mbele za watu, na sijawahi kuona darasa jingine la namna hiyo.

Sasa alikuwa anakaribia sabini. Mumewe, Mzee Athumani, aliyekuwa mpimaji wa ardhi, figo zake zilikuwa zimechoka. Mara tatu kwa wiki, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, ilibidi afike Dar es Salaam kusafishwa damu kwa mashine. Watoto wao wako mbali. Mwalimu Zubeda, ambaye maisha yake yote alikuwa hajashika usukani, akajifunza kuendesha gari akiwa na miaka sitini na saba, akanunua kigari kidogo cheupe, akawa anampeleka mwenyewe. Mkimwona barabarani mngemjua: mgongo umenyooka, mikono miwili kwenye usukani, haendi mbio hata akipigiwa honi na lori.

"Shikamoo Mwalimu," nikamwambia alipoingia gereji.

"Marahaba, Mwana. Gari langu limeingiwa na wazimu. Taa zote zinawaka kwenye dashibodi, usukani unakuwa mzito, gia inagoma. Nikilizima nikaliwasha, linapona. Jana limefanya hivyo mara mbili."

Nikachomeka mashine. Kodi saba, zote za herufi U. Injini inalalamikia breki, gia inalalamikia breki, usukani unalalamikia breki. Nikahesabu malalamiko kama mtu anayehesabu kura, nikatoa hukumu: kompyuta ya breki imekufa. Nikaagiza nyingine iliyotumika. Gari likakaa gereji siku mbili likisubiri, milango wazi, jua linaingia. Kikaja kifaa, nikafunga, nikafuta kodi, nikaliendesha mpaka Kiromo na kurudi. Likawa kama jipya. Nikampigia Mwalimu simu nikamwambia mtoto wako amepona, kwa sauti ya mtu anayejisifu.

Wiki mbili likaenda vizuri. Halafu Ijumaa moja, walipokuwa Mapinga, njiani kwenda Dar es Salaam, likazima kabisa.

Sikuwapo, lakini nilisimuliwa. Taa zote ziliwaka kwa pamoja, usukani ukawa jiwe, injini ikafa, na Mwalimu akalivuta pembeni kwa nguvu za mikono yake miwili. Wakakaa juani. Wakapata bajaji mpaka Bunju, halafu gari jingine. Walipofika hospitali zamu ya Mzee ilikuwa imepita, kitanda kina mtu mwingine, na mashine zote zimejaa. Wakaambiwa warudi kesho. Usiku ule miguu ya Mzee ikavimba, asubuhi akawa hapati pumzi, akalazwa siku nne.

Siku ya tano Mwalimu alikuja gereji peke yake. Nilikuwa nimejiandaa kusemwa. Nilitamani aniseme, kwa kweli. Akakaa kwenye kiti cha plastiki, akaweka mkoba mapajani.

"Hali yake?" nikauliza.

"Anapumua, alhamdulillahi. Anaomba uji. Mwana, sikuja kukulaumu. Lakini uliponiambia ni kompyuta ya breki. Ulikuwa unajua, au ulikuwa unabahatisha?"

Mwanamke wa miaka hamsini na nane, mafundi wanane wananitazama, na machozi yakanijaa kama darasa la tatu.

"Nilibahatisha, Mwalimu."

"Haya," akasema. Akasimama, akanishika bega. "Anza upya."

Jioni ile nilikwenda kwa Fundi Hemedi, Kiromo. Alikuwa ameshaacha kazi zamani, anaishi kwa bintiye, kiuno hakinyooki. Kompyuta za magari hakuzijua na hakutaka kuzijua. Nilimkuta anapura choroko. Nikamweleza yote: kodi saba, nyaya mbili, kompyuta niliyobadilisha. Alisikiliza akipepeta.

"Linazima wakati gani?" akauliza.

"Likiwa barabarani."

"Barabara ni ndefu. Wapi? Likipanda? Likiwa la moto? Mvua?"

"Sijui, fundi."

"Ulilipanda?"

"Nililiendesha mpaka hapa Kiromo."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Akaacha kupepeta. "Peke yako halikuumwa. Likiwa na wenyewe linaumwa. Nenda kapande nao."

Ndiyo yote aliyoniambia. Akanipa choroko za kwenda kupikia.

Jumatano iliyofuata nikapanda nao. Nilikuwa nimeunga nyaya za mita yangu kwenye soketi iliyo chini ya usukani, nikazipitisha pembeni mpaka kiti cha nyuma, nikakaa na mita mapajani kama mtu aliyebeba mtoto. Nyaya zile mbili za mazungumzo, gari likiwa zima, mita inasoma karibu volti mbili na nusu kila mmoja, mmoja juu kidogo, mwingine chini kidogo. Lazima namba zake zitofautiane. Zikisoma sawasawa, ujue zimegusana mahali, na hapo hakuna kompyuta inayosikia nyingine.

Mzee Athumani alikaa kushoto kwa mkewe, amevaa koti ingawa kulikuwa na joto. Mtu wa mizaha.

"Binti yangu, unatupima mapigo ya moyo?"

"Ya gari tu, Mzee."

"Basi utakuta ya gari yana nafuu."

Mwalimu akasema asicheke sana, anachoka. Tukapita Kiromo, tukapita Zinga. Namba zangu zimetulia. Nikaanza kuona ninayoyaona siku zote nikikaa nyuma ya watu waliooana muda mrefu. Mwalimu alikuwa akimtazama mumewe kwa pembe ya jicho kila tukipita tuta. Mzee naye, kila mkewe alipotazama kioo cha kulia, alikuwa akiinama.

Aliinama mara ya kwanza tulipokaribia Kerege. Nikadhani anajikuna mguu. Akainuka, akatafuna kitu. Kikalia *kachu*.

"Unakula nini?" Mwalimu akauliza.

"Karafuu."

Akainama tena mbele kidogo. *Kachu.* Mimi nimetafuna karafuu maisha yangu yote na haijawahi kulia hivyo. Nikainama kama ninayerekebisha waya, nikapitisha mkono pembeni ya kiti chake, nikagusa kapeti karibu na kizingiti cha mlango. Limelowa. Maji ya baridi, baridi ya jokofu. Vidole vyangu vikagusa chupa ya chai, imelazwa ubavu chini ya kiti, kizibo kimelegea.

Nilipoinua uso, Mzee alikuwa ameshageuza shingo ananitazama. Akaweka kidole mdomoni. Na macho yake, vijana wangu, yalikuwa macho ya mtoto aliyekamatwa na sukari.

Kwa wasiojua: mtu ambaye figo zake hazifanyi kazi, maji anayokunywa hayatoki. Yanabaki mwilini, yanajaa miguuni, yanajaa kifuani, yanaubana moyo. Kwa hiyo anapimiwa maji kwa kikombe kidogo kwa siku nzima, kwenye joto hili letu la pwani. Mzee Athumani alikuwa amebeba barafu.

Tulipofika Mapinga namba kwenye mita zikaanza kusogeleana. Ule wa juu ukashuka, ule wa chini ukapanda. Taa ya breki ikawaka, halafu ya usukani, halafu zote.

"Mwalimu, vuta pembeni taratibu," nikasema.

Akavuta. Tukazima, nikashuka, nikamfungulia Mzee mlango nikamwomba ashuke kidogo nikague. Nikakausha kapeti kwa kanga yangu kadiri nilivyoweza, Mwalimu akiwa mbele amefungua boneti kama nilivyomwomba ili asione. Tukawasha, likakubali. Tukafika kwa wakati, nami njia nzima nimeshikilia kanga iliyolowa mapajani.

Hospitali, Mwalimu alipokwenda dirishani kuandikisha, Mzee akanivuta mkono.

"Binti yangu, wewe unajua kiu?"

"Naijua ya Ramadhani, Mzee."

"Ya Ramadhani ina magharibi. Yangu haina. Nikilala naota visima nilivyokuwa nachimbiwa kambini nikipima mashamba kule Mkange. Naamka ulimi kama gome. Vipande vitatu vinne tu, njiani tu. Usimwambie Zubeda. Amenihangaikia mno yule."

Wakamwita kwenye mizani. Kila mgonjwa hupimwa uzito kabla, na kilo zilizozidi tangu mara ya mwisho ni maji. Nesi, msichana mpole, akasoma: "Zimezidi kilo nne, Mwalimu. Nyingi sana. Moyo wake hautastahimili."

Mwalimu Zubeda akavimba kwa hasira. "Mwanangu, mimi nampimia maji mwenyewe kwa kikombe. Mizani yenu ni mbovu. Nimesema tangu mwezi uliopita."

Mzee akawa anatazama dari. Mimi nikawa natazama viatu vyangu.

Kesho yake nililifungua gari. Nikachomoa betri, nikang'oa kiti cha kushoto, nikainua kapeti. Chini yake, pembeni ya kizingiti, kuna soketi nyeupe ambamo nyaya zile mbili zinapita kwenda nyuma. Ilikuwa imeota ukijani kama sufuria ya shaba iliyosahauliwa. Nikapima kati ya nyaya zile mbili. Betri ikiwa imechomolewa, mita inapaswa kusoma omu sitini za ukinzani. Andikeni hiyo. Ikasoma kumi na tisa. Nikakausha kwa brashi na spiriti, ikapanda ikarudi sitini. Nikadondosha matone mawili ya maji ya barafu, ikaanguka tena. Nikarudia mara tatu, nikauliza nafsi yangu unajua au unabahatisha, na mara hii nilikuwa najua. Zile siku mbili gereji, milango wazi kwenye jua, ndizo zilizolitibu gari mara ya kwanza. Kompyuta ya breki haikuwa na kosa lolote. Niliitoa nzima nikaweka nzima.

Nikakata soketi ile, nikaunga nyaya kwa kulehemu, nikazisokota kama zilivyokuwa, nikazifunga kwa mpira wa kubana na kuzipandisha juu, mbali na sakafu. Kazi ya saa moja na nusu. Gari likapona.

Lakini nikabaki na funguo mkononi sijui la kufanya. Nikinyamaza, gari litampeleka Mzee salama kila wiki, barafu yake chini ya kiti, mpaka siku moyo utakapokataa. Nikisema, nimemvunjia heshima mzee wa watu aliyeniomba kwa macho yale. Hili hakuna mashine inayolisoma.

Nilimpigia Mzee mwenyewe. "Kesho njoo na Mwalimu kuchukua gari. Mzee wangu, mimi sitasema. Lakini Mwalimu akiniuliza maji yametoka wapi, sitaweza kubahatisha mbele yake."

"Nimekuelewa, binti yangu."

Wakaja. Nikamwonyesha Mwalimu soketi niliyoikata, imeota kijani kwenye kiganja changu. Nikamwonyesha mita, nikadondosha maji, namba ikaanguka. Akavaa miwani, akatazama kama anayesahihisha daftari.

"Safi," akasema. "Sasa umeonyesha njia. Maji yametoka wapi? Mvua haijanyesha tangu mwezi wa tano."

Nikamtazama Mzee. Alikuwa amesimama ameshika mlango wa gari.

"Yametoka kwangu, Zubeda."

Akainama kwa shida, akatoa mfuko aliokuja nao, akaitoa chupa ya chai. Akaifungua. Barafu ikalia ndani yake. "Kila safari. Nilikuwa nakuvizia."

Nilitegemea mambo mengi. Sikutegemea Mwalimu Zubeda aketi juu ya tairi chafu na buibui lake, aweke mikono usoni.

"Nimegombana na yule mtoto wa watu juu ya mizani," akasema. "Nimemwita mwongo."

"Nisamehe."

"Athumani, unajua mimi nakunywa maji wapi?"

Mzee hakuelewa. Hata mimi sikuelewa.

"Bafuni. Mwaka mzima sasa. Naingia bafuni, nafunga mlango, nafungulia bomba usisikie, nakunywa nimesimama kama mwizi. Sijaweza kunywa maji mbele yako tangu walipokupimia kile kikombe. Nikikuona midomo imekauka, yananikwama hapa."

Mzee Athumani akaenda taratibu akaketi kwenye tairi lile lile, pembeni yake. Hawakushikana mikono, watu wa rika lao hawashikani mikono gereji. Akaegemeza tu bega lake kwenye bega la mkewe. Mafundi wote wakawa wameona kazi za kufanya upande wa pili wa ua. Mimi nikasimama na mita yangu, nikaizima, kwa sababu ilikuwa inapiga kelele.

Yaliyofuata ni ya kawaida, na ni mazuri kwa sababu hiyo. Walimwambia nesi ukweli. Nesi hakugomba. Akawaambia barafu inaruhusiwa, ila ihesabiwe ndani ya kile kikombe, na akawafundisha kuigandisha vipande vidogo kama punje za korosho, na kipande cha limau cha kunyonya ulimi ukikauka. Mwalimu akawa ndiye anayempa, kimoja Zinga, kimoja Bunju. Mzee aliishi miaka mitatu zaidi. Alifariki nyumbani kwake, adhuhuri, mkewe yuko chumbani. Gari lile halikuwahi kuandika tena kodi ya herufi U, nami ndiye niliyelihudumia mpaka nilipoacha kazi, na hata sasa Mwalimu analiendesha. Siku zilezile tatu huchukua wagonjwa wawili kutoka Zinga ambao hawana wa kuwapeleka.

Binti wa ushungi wa kijani, nadhani unaona kwa nini sikuweza kukujibu kwa dakika mbili. Unaanzia kwenye nyaya zile mbili, betri imechomolewa, unatafuta sitini. Hilo nililisema. Ambalo sikulisema ni kwamba kabla ya hapo muulize mwenye gari anakwenda wapi nalo, amembeba nani, amekaa kiti kipi. Na akikuruhusu, panda.

Nimalizie na safari moja tu. Wiki ile ile baada ya kutengeneza, nilipanda nao tena kuhakikisha. Namba zangu hazikutikisika hata mara moja. Hospitali, Mzee akapanda mizani, nesi akasoma kilo mbili. Mwalimu, mwanamke wa umri ule, akamwinamia msichana yule, akamwambia, "Mizani yenu ni nzima, mwanangu. Nisamehe."

Alasiri tukawa tunarudi. Mzee amechoka kama wanavyochoka wakitoka kwenye ile mashine, kichwa amekiegemeza kwenye kioo. Tulipofika Kerege joto likawa kali, Mwalimu akasimamisha gari dukani, akanunua chupa mbili za maji, akanipa moja. Nikaishika tu. Naye akaishika ya kwake, akawasha gari, hakuondoka.

Mzee akafumbua macho. "Kunyweni."

"Tutakunywa tukifika," Mwalimu akasema.

"Zubeda, kunywa. Nataka nikuone."

Mwalimu Zubeda akafungua chupa. Akanywa funda moja, akamtazama. Akanywa la pili. Halafu akainua chupa akanywa kama mtu aliyetoka shamba, maji yanamtiririka kidevuni yanaingia kwenye buibui, na Mzee Athumani amemgeukia mzimamzima kwenye kiti chake, anatabasamu.

"Taratibu, mke wangu," akamwambia. "Utapaliwa."